KONA YA FAMILIA: Chupa haiponyeshi kidonda cha moyo



Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaochelewa shuleni. Barua mlizotuletea zilikuwa nyingi, na tatu kati yake zilisema jambo moja: mtoto anachelewa kwa sababu usiku hakulala, na hakulala kwa sababu baba alirudi amelewa. Mama mmoja akaongeza maneno haya: "Walimu, musiandike tu kama anakunywa. Muandike na kile kinamufanya anywe." Mama, tumekusikia. Mwezi huu tunaandika hicho.

Tunajua kwamba jambo hili linauma. Kuna nyumba ambazo karatasi hii itasomwa huku mwenye shida ameketi palepale anasikiliza. Kwa hiyo hatukuja kumcheka mtu wala kumhukumu. Tumekuja kuuliza: mtu aliyeona mabaya ya vita, na sasa ameshikwa na pombe, anasaidiwaje? Na kanisa au msikiti una kazi gani hapo?

KIDONDA KISICHOONEKANA

Mtu akikatwa na panga, kila mtu anaona kovu. Lakini aliyeona nyumba ikiteketea na wazazi ndani, au aliyetembea siku nne porini na mtoto mgonjwa mgongoni, kovu lake liko ndani. Wanyarwanda wana neno lao la hali hiyo, ihahamuka. Ni neno linaloonyesha mtu aliyeshikwa na hofu mpaka pumzi inamkatika. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 neno hilo lilienea sana nchini humu, na kila mwaka mwezi wa nne, wakati wa kumbukumbu, utalisikia tena.

Dalili zake wengi wetu tunazijua bila kusomea. Ndoto mbaya zinazorudia jambo lilelile. Kushtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Kukwepa njia fulani, watu fulani au habari fulani. Hasira inayolipuka kwa kitu kidogo kama chumvi iliyopungua. Na wengine hata hawalii tena, wako tu kama mti, wanakula, wanalala, wanaamka, lakini moyo haupo.

Sasa pombe inaingilia wapi? Muzee mmoja alituambia wazi: "Mwalimu, miye nakunywaka juu ya kulala. Nikilala bila kunywa, naona bale batu banakuya." Hakudanganya. Pombe kweli inamlaza mtu haraka. Lakini wanaosomea mambo ya mwili wanatuambia kwamba usingizi wa pombe haudumu. Ikifika katikati ya usiku, pombe inapopungua mwilini, usingizi unakatika, moyo unaenda mbio, na ndoto zinarudi. Kesho yake mtu ameamka amechoka, anaona haya, ana hasira. Jioni anahitaji kunywa zaidi ya jana ili apate usingizi uleule. Hivyo ndivyo dawa ya usingizi inavyogeuka kuwa minyororo.

Na ikiwa pombe yenyewe ni kanyanga, hatari inaongezeka. Kwanza, sheria ya Rwanda inaihesabu kanyanga pamoja na madawa ya kulevya, na mtu anaweza kufungwa kwa kuitengeneza, kuiuza au kuinywa. Pili, pombe kali ya kupikwa kwa kujificha inaweza kuwa na sumu inayoitwa methanoli, nayo inapofusha macho na kuua.

JIRANI ZETU WA MUSHAKA

Ukitoka Kamembe kuelekea Bugarama unapita katika sekta ya Rwimbogo, na hapo ndipo ilipo parokia ya Mushaka. Watu wengi hupita na gari bila kujua kwamba parokia hiyo imesikika mpaka ng'ambo ya bahari. Sisi tunaoishi upande huu wa Rusizi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Padri aliyeanzisha kazi hiyo ni Ubald Rugirangoga. Maisha yake yanafanana na ya wengi wetu. Alizaliwa mwaka 1955 katika eneo hili la Cyangugu ya zamani. Alikuwa bado mtoto baba yake alipouawa mwaka 1963. Mwaka 1973, akiwa mwanafunzi wa seminari, alikimbilia Burundi, kwa hiyo naye alijua maana ya kuitwa mkimbizi. Alirudi, akapewa upadri mwaka 1984. Mwaka 1994 alikuwa padri huko Nyamasheke. Mama yake aliuawa, pamoja na watu zaidi ya 80 wa ukoo wake, na waumini wapatao 45,000 wa parokia yake. Yeye mwenyewe alivuka akakimbilia Kongo, na baadaye akafika Ulaya. Alisimulia kwamba akiwa Lourdes, kule Ufaransa, akifuata Njia ya Msalaba, ndipo alipokubali kuubeba msalaba wake, na toka hapo uchungu ukaanza kumwachia.

Alirudi Rwanda. Akakutana gerezani na mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, akamsamehe, kisha akasaidia watoto wa mtu huyo kusoma. Wazazi, tafakarini hilo kidogo. Watoto wale hawakuua mtu, lakini wangeweza kukua na aibu na njaa, na chuki ingeendelea kizazi kingine.

Huko Mushaka Padri Ubald alikuta shida kubwa. Wakati wa Gacaca, zile mahakama za kijamii zilizofungwa Juni 2012, watu wengi walikiri makosa, wakamaliza vifungo, wakarudi vijijini. Jumapili muuaji na mjane wa yule aliyeuawa walikuwa wanaingia kanisa lilelile. Wakae benchi moja? Wapokee komunyo pamoja kana kwamba hakuna kilichotokea?

Jibu la parokia halikuwa kusema "sameheaneni" halafu kwaya iimbe. Waliokosa waliambiwa wakae kwanza bila sakramenti, wafuate mafundisho kwa miezi 6. Waliokosewa nao walipewa mafundisho yao, kwa sababu anayeumizwa naye ana safari yake. Aliyekosa alitakiwa aseme ukweli na aende kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Mwishoni, siku ya ibada, mbele ya kanisa zima, aliyekosewa alisimama na kumwekea mkono begani yule aliyemkosea, ndipo akapokelewa tena.

Padri Ubald alifariki Marekani Januari 2021 kutokana na matatizo yaliyoletwa na Covid-19. Akaletwa kuzikwa kando ya ziwa Kivu, katika kituo alichokianzisha kinachoitwa Ibanga ry'Amahoro, maana yake siri ya amani.

TUNAJIFUNZA NINI SISI WAKIMBIZI?

Najua mtatuuliza: "Walimu, ile ni habari ya Wanyarwanda. Sisi waliotukosea hawako hapa. Wako msituni, au hata majina yao hatuyajui. Nani atakuja kuomba msamaha?"

Swali hilo ni la kweli, na hatutaki kulifunika na maneno matamu. Hatuwezi kuchukua njia ya Mushaka yote nzima kama ilivyo. Lakini kuna vitu vitatu ndani yake tunavyoweza kuchukua.

Cha kwanza ni muda. Miezi 6! Mtu haponi kwa mkesha mmoja. Tumeona mara nyingi mtu anaombewa Ijumaa, Jumapili anatoa ushuhuda kwamba ameacha pombe, Jumatano ameanguka tena. Hapo watu wanasema alidanganya, au imani yake ni ndogo, naye anaona aibu ya kurudi kusali. Lakini pengine hakudanganya hata kidogo. Alihitaji miezi, akapewa siku tatu.

Cha pili ni ukweli kusemwa mbele ya watu wanaoweza kuubeba. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hata katika historia ya makanisa ya huku kwetu jambo hili si geni. Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki ya Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, uliwakusanya watu katika vikundi vidogo, wakaungama makosa wazi, wakarudisha vitu walivyoiba, na wengi wakaacha pombe. Miaka ileile, mwaka 1935, huko Marekani wanaume wawili walevi walianza kukutana na kusaidiana wasinywe, na kutoka kwao kikatokea chama cha Walevi Wasiojulikana ambacho leo kiko nchi nyingi. Nao walikuwa wamejifunza katika kikundi cha Kikristo cha kuungama na kusali. Waliona kwamba mlevi anamsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mtu ambaye hajawahi kuonja.

Na ndugu zetu Waislamu wasifikiri tunaongea juu ya kanisa tu. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, toka mwaka 2009 kuna nyumba zinazoitwa soba hausi, ambamo vijana walioshikwa na heroini wanaishi pamoja kwa miezi. Wanaongozwa na vijana walioacha kabla yao, na swala ni sehemu ya maisha yao. Bugarama hapa jirani kuna misikiti na masheikh. Anayetaka kuacha asiogope kumwendea sheikh wake.

Cha tatu ni kwamba aliyekosewa naye anahudumiwa. Katika nyumba ya mlevi, watu wote wanamwangalia mlevi. Nani anamuuliza mke amelalaje? Nani anamuuliza mtoto?

VIKUNDI VIWILI VINGINE VYA KUIGA

Kuna njia mbili zilizozaliwa katika makanisa ya eneo hili ambazo zimesaidia watu wa dini zote.

Ya kwanza ilianza mwaka 2003 kwa Kanisa la Marafiki, ndio Waquaker, katika Rwanda na Burundi, na baadaye ikafika Kongo pia. Kwa Kiingereza inajulikana kwa herufi HROC, maana yake ni kuponya na kujenga upya jamii zetu. Watu wapatao 20 wanakaa siku 3, nusu wanatoka upande mmoja wa ugomvi, nusu upande mwingine. Siku ya kwanza wanajifunza kidonda cha moyo ni kitu gani. Siku ya pili wanaomboleza waliopotea na kuongea juu ya hasira. Siku ya tatu wanachora miti miwili: mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wanauliza mizizi yake ni nini na matunda yake ni nini. Halafu mmoja anafungwa kitambaa machoni na mwenzake anamshika mkono anamtembeza. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini ukifikiri kwamba anayekushika mkono ni mtu wa upande uliokuwa unauogopa, utaelewa kwa nini wengine wanalia.

Ya pili inaitwa Mvura Nkuvure, maana yake niponye nikuponye. Ilianza mwaka 2005 huko Byumba katika dayosisi ya Anglikana, na imefika hata katika kambi za wakimbizi Wakongomani hapa Rwanda. Kikundi cha watu 10 mpaka 15 kinakutana mara moja kwa juma, saa kama 3, kwa majuma 15. Wanapita ngazi kwa ngazi: kwanza usalama, halafu kuaminiana, kutunzana, kuheshimiana, kupanga maisha mapya, na mwisho kumbukumbu. Angalieni kwamba habari za mambo mabaya yaliyopita zinakuja mwisho, hazianzi. Hakuna anayelazimishwa siku ya kwanza asimulie jinsi alivyopigwa. Watu wanajengewa kwanza mahali pa kukaa bila hofu. Na wanaoongoza si madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa.

MAOMBI NA DAWA HAVIGOMBANI

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka, akiacha ghafla, mwili wake unapata mshtuko. Katika saa za kwanza mikono inatetemeka, anatoka jasho, anatapika, moyo unaenda mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu wasiokuwapo, akapiga kelele. Wengine wakimwona hivyo wanasema: pepo limeanza kutoka, mfungeni, asile, asinywe maji mpaka litoke. Ndugu zetu, hapana! Huo ni mwili unaodai pombe uliyoizoea, na unaweza kumuua mtu. Kumfungia ndani afunge bila chakula na maji ni kuongeza hatari.

Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, mapema, hata kabla hajaanza kuacha. Kuna dawa za kumtuliza na vitamini za kumwongezea nguvu, naye anaweza kuacha bila kufa. Mchungaji, padri au sheikh aende naye, akae naye, amwombee palepale. Kadhalika, mwenye kifafa au ugonjwa wa akili anayemeza dawa za hospitali asiziache kwa sababu ameombewa. Aendelee na dawa, na mambo ya kupunguza au kuacha yaamuliwe na daktari.

Wala msifikiri kwamba hospitali ni kitu cha watu wasio na imani. Hospitali ya Ndera karibu na Kigali, inayotibu magonjwa ya akili toka miaka ya 1970, ni ya Mabradha wa Upendo wa Kanisa Katoliki. Mabradha haohao ndio wenye SOSAME kule Bukavu, ambayo wengi wenu mnaijua. Na hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni ya makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC. Pale mama aliyefanyiwa ukatili anatibiwa mwili, anasikilizwa moyo, anasaidiwa na mambo ya sheria, na anafundishwa kazi ya kumtunza. Watu wa imani wenyewe ndio walioziweka sindano na sala chini ya paa moja. Sisi ni nani tuzitenganishe?

KUSAMEHE SI KURUDI CHINI YA FIMBO

Jambo hili mama kadhaa wametuomba tuliseme, nasi tunalisema wazi. Kuna wanaomwambia mwanamke anayepigwa na mlevi: "Wewe ni mtu wa kusali, samehe, vumilia, rudi nyumbani." Lakini hata Mushaka hawakufanya hivyo. Aliyekosa alianza kwa kukiri, akafundishwa, akaomba msamaha, na miezi ikapita. Mzigo haukuwekwa wote kichwani mwa aliyeumizwa. Mama anaweza kusamehe moyoni na bado akalala kwa dada yake mpaka fimbo ikome. Anaweza kusamehe na bado akaenda kuripoti. Kituo cha afya na wahusika wa ulinzi hapa kambini wapo kwa ajili hiyo, na mtoto anayepigwa ana haki hiyohiyo.

MAMBO YA KUANZIA NYUMBANI

Hatuna uwezo wa kuleta kituo kikubwa hapa. Lakini familia inaweza kuanza hivi:

1. Ongea na mlevi asubuhi akiwa mzima, usiongee naye usiku akiwa amelewa. Mwambie jambo moja tu uliloliona: "Jana mtoto alijificha nyuma ya ndoo ulipoingia." Usimtukane.

2. Muulize juu ya usiku wake. Wengi hawajawahi kuulizwa: unaota nini? Akijibu, sikiliza tu. Usimkatize kwa kusema "sahau hayo".

3. Mpeleke kituo cha afya kabla hajaacha, kama anakunywa kila siku.

4. Mtafutie mtu mmoja aliyekwisha kuacha. Tunao kambini. Huyo ana nguvu kuliko mahubiri kumi.

5. Posho ikitoka, mkubaliane nani anaishika mpaka hali itulie. Akikubali mwenyewe, ni vizuri zaidi kuliko kunyang'anywa.

6. Akianguka tena, msiseme imeisha. Hesabuni siku alizokaa bila kunywa. Kama zilikuwa 9, tafuteni 10.

7. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno yao: "Baba anaumwa, si kosa lako." Sisi walimu tunaona darasani watoto wanaofikiri kwamba wao ndio sababu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kujifunza hesabu, kwa sababu kichwa chake kimejaa hesabu nyingine.

Viongozi wetu wa dini, tunaleta ombi moja kwenu pia. Mnakutana kila mwezi kupanga zamu za ibada. Je, hamuwezi kupanga na siku moja kwa juma ya kikundi kidogo, watu 10 tu, wa makanisa yote na msikiti, kwa majuma 15 bila kukatika? Hakihitaji fedha. Kinahitaji mahali, mabenchi, na watu wanaojua kunyamaza kuhusu waliyoyasikia. Darasa letu la nne linabaki tupu baada ya saa tisa alasiri. Tukipata ruhusa ya mkuu wa shule, tutafagia sisi wenyewe na kupanga mabenchi kwa mviringo.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi. Maswali na maoni yenu yaacheni katika sanduku lililo mlangoni pa shule. Si lazima kuandika jina. Na mama aliyetuandikia mwezi uliopita, kama unasoma hii, tunakushukuru. Ulituuliza sababu. Tumeandika tuliyoyajua. Sasa mwonyeshe baba watoto ukurasa huu, asubuhi, akiwa mzima.

Amani iwe nyumbani kwenu.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.